Mdomo wa Bwana Luscombe

Kifurushi kilifika kwa gari la farasi kutoka Bideford siku ya Jumanne, tarehe nne Aprili, mwaka 1843. Kilikuwa kidogo kama kopo la ugoro. Ndani yake, katikati ya pamba, palikuwa na picha ya mwanamume iliyochorwa juu ya kipande cha pembe ya ndovu, isiyozidi ukubwa wa yai la bata, pamoja na barua kutoka kwa mjane wake.

Mjane aliandika hivi: "Picha ya marehemu mume wangu nimeitundika kando ya dirisha la sebule tangu tulipooana, na sasa uso wake umepauka kama wa mtu aliyelala na homa mwezi mzima. Lakini mdomo umebaki mwekundu vilevile. Wageni wananiuliza kama alikuwa mlevi. Naomba aliyeichora, ikiwa bado yu hai, aupunguze mdomo ulingane na uso, halafu mfunge kioo upya. Nataka kuivaa Pasaka. Wako, Philippa Luscombe."

Kazi yangu ni kutengeneza vidani vya dhahabu vya kutilia picha za namna hiyo, na kuzifunga vioo. Duka langu liko Mtaa wa Juu hapa Exeter, na aliyeichora picha ile, Bi Thomasin Yeo, amepanga vyumba viwili juu ya duka kwa miaka thelathini na mmoja. Barua niliisoma mara mbili kabla ya kupanda ngazi. Kupunguza mdomo juu ya pembe si kazi ya kumtoa mtu jasho. Rangi ni ya maji, nayo hukaa juu tu, hainywewi ndani kama karatasi inavyoinywa. Brashi iliyolowa na dakika mbili zinatosha. Lakini mimi nilijua mdomo ule ulivyopatikana. Nilijua pia kwamba katika nyuso zote alizochora, mamia kwa mamia, mdomo ule ndio kitu pekee ambacho Bi Yeo alijichorea mwenyewe.

Kwa hiyo nilipanda polepole.

Alihamia kwangu mwaka 1812, akiwa na miaka thelathini na minne, na sanduku moja, meza moja yenye mteremko, na viti viwili. Alitaka chumba chenye dirisha la kaskazini, kwa sababu mwanga wa kaskazini hauhamihami. Alikuwa na dada Plymouth, na dada huyo alifariki msimu wa kwanza wa baridi. Baada ya hapo sikumwona akipokea barua isipokuwa za wateja.

Wateja walikuwepo. Zama hizo vita vilikuwa havijaisha, na kila ofisa aliyekuwa akienda kupanda meli alitaka kumwachia mtu uso wake. Pembe ilitoka kwa muuzaji wa London ikiwa imeshapasuliwa vipande vyembamba, vyembamba hata ukiweka kidole nyuma yake unakiona. Ndovu mwenyewe hakuna mtu wa mtaa wetu aliyewahi kumtia machoni. Bi Yeo alikisugua kila kipande kwa unga wa jiwe mpaka mng'ao wake wa mafuta ukatoka, kisha alikipanga kwenye dirisha la nyuma, la kusini, kianikwe na jua kiwe cheupe. Mara nyingine vilikuwepo kumi na viwili kwenye kizingiti, vikisubiri kuwa watu.

Rangi aliziweka katika maganda ya kome. Kwa nyuso alitumia nyekundu ya wadudu, ile inayotengenezwa kwa wadudu wakavu waliosagwa, kwa sababu ni laini na inafanana na damu chini ya ngozi. Nyekundu nyingine, ya jiwe, aliiweka ganda la mbali. Hiyo ilikuwa ya makoti ya askari. Hakupaka kwa kufuta; alidona, nukta moja moja, kwa brashi ya manyoya ya kindi yenye ncha ya sindano, akizuia pumzi. Nukta mia, kisha pumzi. Nilikuwa nikiisikia pumzi hiyo nikiwa chini dukani, maana dari yangu ni mbao tupu.

Sheria yake ilikuwa moja, na kila aliyepanda ngazi aliambiwa kabla ya kuvua kofia: usiguse, wala usipumue juu ya pembe. Kabla ya kioo kufungwa, unyevu wa mdomo unatosha kuondoa kazi ya wiki.

Mama Gidley, aliyekuwa akitufulia wote wawili, alikuwa na maoni yake.

"Bi Yeo anawatazama wanaume saa mbili mfululizo, karibu hata wagusane pua kwa pua, na bado hana mume," alisema siku moja dukani, kapu la nguo kiunoni. "Mimi wangu nilimwona mara moja tu, tena gizani, na nimekaa naye miaka ishirini."

"Labda ungemtazama mchana usingekaa naye," nilimwambia.

"Labda. Ndiyo maana nasema, kutazama sana si kuzuri."

Nadhani alisema kweli kuliko alivyojua. Mchoraji wa picha hizi hukaa urefu wa mkono kutoka kwa mtu, vikao vitano au sita, akimwangalia kuliko mama yake alivyomwangalia. Kikao cha mwisho kikiisha, mtu anashuka ngazi, ananipita mimi, anaingia mtaani, na uso wake unakwenda kuning'inia shingoni mwa mtu mwingine. Niliwahi kumuuliza Bi Yeo kwa nini hajajichora mwenyewe. Kioo angekipata kwangu bure.

"Nitajichora," alisema, "halafu nani atakivaa kidani hicho?"

Sikuwa na jibu alilokuwa tayari kulisikia, au sikuwa na ujasiri wa kulitoa. Nilirudi kwenye kazi yangu.

Bwana Digory Luscombe alikuja mwisho wa Septemba 1816. Alikuwa mpima ardhi, mjane wa miaka arobaini, mwenye pua ndefu na viatu vyenye matope ya wilaya nzima. Alikuwa akiandikiana barua na mwanamke wa Bideford, Philippa Heard, ambaye alikuwa hajawahi kumwona. Mwanamke huyo alisema hatatoa jibu la ndoa mpaka autazame uso wake.

Siku ya kwanza nilikuwepo chumbani, nimekuja kupima ukubwa wa kidani.

"Kaa hapo, bwana," Bi Yeo alimwambia. "Mikono magotini. Na usipumue huku."

"Nikapumulie wapi, bi? Nitoke nje kila mara?"

"Pumua pembeni, kama watu wengine."

Alikaa. Kiti cha wateja kilikuwa na mguu mmoja uliolia kila mtu alipokikalia, na siku hiyo ulilia.

"Hiki kiti kinalalamika," alisema. "Kimenionaje?"

"Kinawalalamikia wote. Geuka kidogo kushoto."

"Sikiliza, Bi Yeo. Wewe sasa ndiye mshenga wangu. Nakuomba unipunguzie pua."

"Mshenga hupeleka maneno."

"Maneno nimeshayapeleka mwenyewe, kurasa hamsini. Kilichobaki ni sura."

"Basi pua itabaki. Ataiona siku ya harusi hata hivyo, na akikuta nyingine atakuja kunidai mimi."

Alicheka, na mimi nilishuka. Kikao cha tatu, nikiwa dukani nachoma dhahabu, nilimsikia Bi Yeo naye akicheka kule juu. Miaka minne alikuwa amekaa juu ya kichwa changu na sikuwahi kuisikia sauti hiyo. Nina tabia ya kuandika katika daftari la kazi kila kitu cha siku: kioo kipi, kidani kipi, hali ya hewa. Siku ile niliandika: mvua, vioo viwili, B.Y. amecheka.

Vikao vilikuwa virefu. Uso ukiachwa kimya hulala, ndivyo alivyokuwa akisema, kwa hiyo lazima mtu azungumzishwe. Wateja wengine aliwazungumzisha kwa hali ya hewa na mahubiri ya Jumapili. Huyu hakuhitaji kuzungumzishwa. Alimweleza jinsi ng'ombe dume alivyomfukuza akiwa na minyororo yake ya kupimia. Alimweleza jinsi mke wake wa kwanza alivyokuwa akiimba vibaya na jinsi anavyoukosa ubaya ule. Mara mbili alimletea maandazi ya siagi kutoka sokoni, na walikula pale mezani, maganda ya rangi yamesogezwa kando. Baada ya kikao cha tano, Bi Yeo alishuka kuniuliza kama kweli barabara ya Bideford hufungwa na matope wakati wa baridi.

"Hufungwa wiki moja moja," nilisema. "Lakini gari la barua hupita."

"Aa," alisema. "Hupita."

Kikao cha sita kiliisha mchana wa tarehe ishirini na tatu Oktoba. Picha ilitakiwa kuondoka keshokutwa yake. Bwana Luscombe alishuka akipiga mluzi, akaniaga. Kazi ya Bi Yeo ilikuwa kuileta kwangu mara moja nifunge kioo, kama alivyofanya siku zote. Siku hiyo ilipita saa nzima. Kule juu sikusikia hatua, wala kiti, wala ile pumzi yake.

Alipokuja, aliiweka kwenye meza yangu ikiwa imefunikwa kwa karatasi laini.

"Bwana Crocker, weka kioo."

Nilifunua. Nywele zilikuwepo, na macho, na ile pua, kila kitu kama mtu mwenyewe. Chini ya pua hapakuwa na kitu. Pembe ilikuwa imebaki wazi, nyeupe, na pembeni yake ukungu mwembamba wa waridi ulioburutwa.

"Siwezi, Bi Yeo."

"Kwa nini huwezi?"

"Hana mdomo."

Aliitazama kwa muda mrefu. Nadhani mpaka wakati ule alikuwa hajathubutu kuitazama.

"Labda ni unyevu," alisema. "Chumba kile kina unyevu."

"Unyevu hauchagui mahali, Bi Yeo."

Nyuma yangu, ukutani, pana kioo ambacho wateja hujitazamia wakijaribu mikufu. Nilimwona anainua macho kunielekea, kisha macho yakanipita yakatua kwenye kile kioo. Juu ya mdomo wake, upande wa kushoto, palikuwa na alama ndogo ya waridi. Alitoa leso yake. Mimi niliinama nikaanza kutafuta chini ya meza koleo ambayo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilipoinuka alikuwa ameifunika picha tena.

"Unaweza kuuchora kwa kukumbuka," nilisema. "Vikao sita vyote vile."

"Sichori kwa kukumbuka. Nikianza kukumbuka nyuso zao, nitakaaje kule juu?" Aliichukua picha. "Mwite arudi kesho asubuhi. Sema kuna marekebisho."

Bwana Luscombe alirudi saa tatu asubuhi. Bi Yeo aliniomba nipande naye, nikae na kidani changu pembeni, kana kwamba kulikuwa na jambo la vipimo. Nilielewa kwamba hakutaka kubaki naye peke yake.

"Kuna nini?" Bwana Luscombe aliuliza, kiti kikilia chini yake. "Pua imerefuka usiku?"

"Mdomo umeharibika."

"Umeharibikaje?"

"Uliguswa kabla ya kioo."

"Na nani?"

Bi Yeo alikuwa analowesha brashi. "Na mtu asiyejua kungoja."

"Basi mwambie mtu huyo asirudie."

"Hatarudia," alisema. "Funga mdomo sasa, bwana, usiucheze."

Alidona kwa saa moja na nusu. Bwana Luscombe kwa mara ya kwanza hakusema neno, kwa kuwa mdomo ndio uliokuwa ukichorwa, na chumba kilikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia kengele ya kanisa kuu ikipiga robo sita. Nilitazama meza. Ganda la nyekundu ya wadudu lilikuwa pale karibu na mkono wake, limejaa. Brashi yake haikwenda huko. Ilikwenda ganda la mbali, la makoti ya askari, ikarudi, ikaenda tena. Alipomaliza nilimwambia kwa sauti ya chini, "Umetumia nyekundu ya jiwe."

"Ndiyo iliyokuwa karibu," alisema.

Niliandika katika daftari: D. Luscombe, mdomo, nyekundu ya jiwe. Sikuandika zaidi.

Dukani, nikiwa nafunga kioo, Bwana Luscombe aliegemea meza yangu, akasema kwa utani, "Bwana Crocker, mikono yako ina haraka. Karibu unikoseshe mke."

Nilielewa alivyofikiri. Kule juu hatua za Bi Yeo zilisimama.

"Ni kweli, bwana," nilisema. "Samahani. Ilikuwa haraka yangu."

Alinipiga begani. Picha iliondoka na gari la barua, Philippa Heard aliitazama, na jibu lake lilikuwa ndiyo. Walioana kabla ya Krismasi. Bwana Luscombe alihamia Bideford, na Exeter hakurudi tena, au kama alirudi hakupita mtaa wetu. Kwa miaka ishirini na sita Bi Yeo hakulitaja jina lake. Aliendelea kuchora. Vita vilikuwa vimeshaisha, maofisa wakapungua, wakaja mabibi harusi na mapadre. Mkono ulianza kumtetemeka alipofika miaka sitini. Kisha mwaka jana alikuja mtu mwenye mashine ya kuchukua picha kwa jua, akafungua chumba karibu na kanisa kuu, na ngazi zangu zikakauka. Siku hizi chumba cha juu hakipandwi na mtu ila mimi na Mama Gidley, na Mama Gidley magoti yanamsumbua.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa nilipopanda na kifurushi cha Bideford.

Nilimsomea barua. Alisikiliza mikono ikiwa mapajani. Niliposoma neno "marehemu" alinyanyua kidole kimoja, nikanyamaza, akakishusha, nikaendelea. Kisha alinyoosha mkono, nami nikampa picha, nikiwa nimeshaitoa kioo.

Aliisogeza dirishani. Nyekundu ya wadudu haivumilii jua kama ile ya jiwe, kila mchoraji anajua. Mashavu yalikuwa yamekwenda, masikio yamekwenda, kope zimebaki mstari wa kijivu. Uso ulikuwa kama ukungu wenye pua. Na katikati ya ukungu ule mdomo ulikuwa mbichi, umefungwa, kama wa mtu aliyeambiwa asiucheze.

"Amezeeka vibaya," alisema.

"Mashavu unaweza kuyarudisha?"

Alinionyesha mkono wake.

"Basi kilichobaki ni kile anachokitaka mjane," nilisema. "Kuupunguza mdomo. Hata mimi naweza."

"Najua unaweza. Iache hapa mpaka Ijumaa."

Nilimwachia. Jumatano na Alhamisi sikupanda. Nilisikia maji yakimiminwa kikombeni, kiti cha kazi kikivutwa, kisha ile pumzi ambayo nilidhani imeshakwisha katika nyumba hii: kimya kirefu, halafu anapumua. Mara tatu Jumatano, mara moja Alhamisi. Nilijua brashi imelowa na ananuia. Nilijua pia mjane wa Bideford ana haki yake. Picha ni yake na mume alikuwa wake. Nililiwaza sana jambo hilo nikisugua vioo ambavyo havikuwa na uchafu.

Ijumaa nilipanda. Picha ilikuwa juu ya meza, kando ya kikombe cha maji safi. Nilichukua lenzi yangu nikaikagua kama ninavyokagua kila kazi. Nukta zote zilikuwa mahali pake.

"Mwandikie haiwezekani," Bi Yeo alisema.

"Ataniuliza sababu."

"Sema nyekundu ya jiwe ikishakaa juu ya pembe haitoki."

Tulitazamana. Kila rangi hutoka juu ya pembe. Hata mate huitoa, na sisi wawili ndio watu tuliolijua hilo kuliko wote.

"Nitaandika hivyo," nilisema.

"Na mwambie asiitundike dirishani."

"Nitamwambia."

Niliandika barua pale pale, kwenye meza yake yenye mteremko, kwa mwandiko wangu mzuri. Kisha nilishuka nikafunga kioo, nikazungusha kingo kwa utando wa utumbo wa ng'ombe, ule tunaoutumia kuzuia hewa. Alikuja akasimama mlangoni mwa duka kuangalia, kitu ambacho hakuwahi kukifanya.

"Umefunga vizuri?"

"Nimezungusha mara mbili."

"Zungusha mara ya tatu."

Nilizungusha. Alinisubiri mpaka nikaiweka katika pamba, nikafunga kamba, nikapiga lakiri. Ndipo alipogeuka. Nilisikia akipanda, ngazi kumi na nne, kwa kupumzika kwenye ya tisa kama kawaida yake siku hizi. Nilisubiri sauti ya kiti cha kazi kikivutwa. Haikuja. Badala yake nilisikia kile cha wateja, chenye mguu unaolia, ambacho kilikuwa hakijakaliwa na mtu tangu Novemba.

Kililia mara moja, kisha kikanyamaza. Nilipeleka kifurushi kwenye gari la Bideford, na niliporudi bado alikuwa amekaa pale.